Mkono wa kulia wa Johnny Ramone: dhana potofu na ukweli

Kwa wengi wetu neno panki lilianzia kwa kinyozi. Ukisikia mtu kanyoa panki, unaona kichwa kilichokwanguliwa pembeni na kuachiwa kishungi katikati. Kwa hiyo ukimwambia mtu kwamba Johnny Ramone, mpiga gitaa wa bendi ya Ramones ya New York, ni miongoni mwa waliouzaa muziki wa panki roki, kishungi hicho hicho ndicho kinachomjia akilini. Akizitafuta picha zake atashangaa. Nywele za Johnny ni kama za mtu aliyefunikwa bakuli kichwani, kisha mkasi ukazunguka ukingo wake. Jaketi jeusi la ngozi, fulana, jinzi iliyotoboka magotini, raba miguuni. Alivaa hivyo mwaka 1976 na akavaa hivyo miaka yote iliyofuata jukwaani, kama askari anavyovaa sare ya zamu.

Nimeanza na nywele makusudi. Karibu kila dhana potofu juu ya mtu huyu inatoka mahali pamoja: tunalisikia jina la muziki, tunawazia fujo, halafu fujo hiyo tunamvika mpigaji. Johnny alikuwa mtu wa ratiba, daftari la hesabu na faini kwa wachelewaji. Kuna mahali nashindwa kumpenda kwa sababu hiyo hiyo, na nitapafikia.

"Ramone ni jina la ukoo, na wale wanne walikuwa ndugu"

Johnny alizaliwa John William Cummings tarehe 8 Oktoba 1948, mtoto pekee wa baba aliyefanya kazi za ujenzi, mwenye asili ya Ireland. Mwimbaji Joey aliitwa Jeffrey Hyman. Mpiga besi Dee Dee ni Douglas Colvin. Tommy wa kwenye dramu ni Tamás Erdélyi, mzaliwa wa Budapest. Walichokuwa nacho pamoja si damu, ni mtaa: Forest Hills, eneo la Queens. Jina alilileta Dee Dee, baada ya kusikia kwamba Paul McCartney aliwahi kujiita Paul Ramon siku za mwanzo kabisa za The Beatles. Wengine wakalikubali. Hata waliokuja baadaye kuziba nafasi za walioondoka, kina Marky, Richie na C.J., walikabidhiwa jina pamoja na jaketi.

"Alikuwa kijana wa mitaani aliyeokota gitaa akaanza kelele"

Bendi ilipoanza, Johnny alikuwa na umri wa miaka 25 na ajira. Alikuwa akifanya kazi ya ujenzi, upande wa mabomba, kazi aliyoijua kupitia baba yake. Mtu wa kazi ile huamka alfajiri, hubeba chakula chake, hufika kwa wakati, na akichelewa hukatwa mshahara. Ukiishika picha hiyo, mengi yaliyotokea kwenye bendi kwa miaka 22 iliyofuata yanaeleweka bila maelezo marefu.

Ujana wake wenyewe ulikuwa mbaya, na hakuuficha. Alisimulia waziwazi jinsi alivyokuwa mkorofi, mpaka kurusha televisheni mbovu kutoka juu ya majengo. Ila siku moja, akiwa katika umri wa miaka ya ishirini, alijiuliza anafanya nini na maisha yake, akaacha. Kwa hiyo fujo ilikuwepo, lakini ilikuwa imekwisha kabla ya gitaa. Watu huupindua mpangilio huo, wakadhani gitaa ndilo lililoileta.

Gitaa lenyewe alilinunua Januari 1974 katika duka la Manny's, barabara ya 48 huko Manhattan, akiwa amefuatana na Dee Dee. Lilikuwa Mosrite la rangi ya buluu, aina iliyokuwa ikitengenezwa California na kujulikana zaidi kupitia bendi ya The Ventures. Alilipa dola 50 na ushei. Lilikuwa la bei ya chini, na kwake hiyo ilikuwa sifa. Sifa ya pili ni kwamba hakuna mpiga gitaa maarufu wa wakati ule aliyekuwa amelishika mpaka likawa lake machoni pa watu.

Tena Ramones haikuwa bendi yake ya kwanza. Katikati ya miaka ya 1960, akiwa bado shuleni, yeye na Tommy walikuwa katika bendi iliyoitwa Tangerine Puppets.

"Hakujua kupiga, alijua kodi tatu tu"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye uhondo. (Kodi ninayoisema si ile ya serikali. Ni zile sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja kwenye gitaa.)

Ni kweli kwamba nyimbo za Ramones zina kodi chache. Ni kweli pia kwamba Johnny hakuwa mtu wa solo. Palipohitajika solo au urembo wa gitaa studioni, mara nyingi aliitwa mtu mwingine: Ed Stasium alisaidia kwenye albamu ya Road to Ruin ya mwaka 1978, na Walter Lure alifanya hivyo kwenye Subterranean Jungle ya 1983. Kutoka hapo watu wanaruka moja kwa moja hadi "hakujua kupiga". Ni sawa na kusema mpiga ngoma hajui ngoma kwa sababu haimbi.

Tazama mkono wa kulia. Wapiga gitaa wengi wakitaka kwenda kasi hucharaza nyuzi kwa kushuka na kupanda: mkono ukishuka unapiga, ukipanda unapiga. Kila safari ya mkono inazaa sauti mbili, na misuli inapumua. Johnny alicharaza kwa kushuka tu. Mkono ulishuka ukapiga, ukarudi juu kimya, ukashuka tena. Maana yake, kwa sauti zile zile alifanya kazi mara mbili.

Chukua wimbo unaokwenda kwa mapigo 180 kwa dakika, kasi ya kawaida kabisa kwa bendi hii. Kila pigo lina michapo miwili. Hiyo ni michapo 360 kwa dakika, yaani 6 kila sekunde, yote ya kushuka. Piga hivyo kwa dakika mbili, wimbo uishe, Dee Dee aite hesabu ya moja mpaka nne, uanze mwingine papo hapo. Kwenye onyesho la Rainbow Theatre mjini London, usiku wa kuamkia mwaka 1978, walipiga nyimbo 28 katika muda usiofika saa nzima, na onyesho hilo limo kwenye albamu ya It's Alive kwa yeyote anayetaka kuhesabu. Jukwaani walikwenda kasi kuliko studioni. Mwenye gitaa karibu naye ajaribu wimbo mmoja tu kwa mtindo huo. Mkono wa mbele utaanza kuwaka moto kabla hajafika kiitikio cha pili.

Kwa nini ajitese? Kwa sababu sauti si ile ile. Ukishuka, mkono unakutana na nyuzi nene kwanza. Ukipanda, unakutana na nyembamba kwanza. Mpigaji wa kushuka na kupanda hutoa sauti nzito, nyepesi, nzito, nyepesi, na mdundo unayumba kidogo kama mtu anayetembea. Ukishuka tu, kila mchapo una uzito ule ule na makali yale yale. Ndiyo maana gitaa la Johnny linasikika kama msumeno wa mashine: haliyumbi. Ongeza mkono wa kushoto, kidole cha shahada kimelala juu ya nyuzi, kodi nzima inahamishwa juu na chini ya shingo ya gitaa bila kubadili umbo, na amplifaya za Marshall zilizofunguliwa sana. Ukuta ule wa sauti ulijengwa na mtu mmoja, bila mpiga gitaa wa pili wa kuziba mashimo.

Njia rahisi ya kumsikia ni kuchukua albamu yao ya kwanza, Ramones, ya Aprili 1976, na kuvaa spika za masikioni. Gitaa limewekwa sikio moja, besi sikio la pili, dramu na sauti katikati. Toa upande wa besi, ubaki na Johnny peke yake. Halafu umsikilize kwa nyimbo zote 14, dakika 29 kwa jumla, uone kama kuna mahali mdundo unalegea.

Jambo linalowashangaza wapenzi wa panki kuliko yote ni kwamba mmoja wa wapiga gitaa aliowahusudu ni Jimmy Page wa Led Zeppelin, bendi ambayo panki inadaiwa ilikuja kuizika. Johnny aliutaja wimbo wa Communication Breakdown wa mwaka 1969 kama chanzo cha michapo yake ya kushuka. Page aliuweka mtindo huo ndani ya wimbo mmoja miongoni mwa mitindo yake mingi. Johnny akauchukua huo mmoja, akaacha mingine yote, akaupiga maisha yake yote ya jukwaani. Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone lilipopanga wapiga gitaa 100 bora, lilimweka nafasi ya 16.

Lakini dhana hii haikuzuka hewani. Johnny mwenyewe aliilisha. Inasimuliwa kwamba mwaka 1976 aliwaambia vijana wa The Clash, bendi ya panki ya London, waliokuwa wakihofu kupanda jukwaani kabla hawajaiva, kwamba wasingoje, kwani hata Ramones hawajui kupiga. Ulikuwa utani wa fundi. Fundi akikuambia kazi ni rahisi, angalia kwanza mikono yake.

"Nyimbo zile kali aliziandika yeye"

Hapana. Kwenye albamu za mwanzo nyimbo ziliandikwa kuwa ni za Ramones wote, na hapo ndipo watu walipopotelea. Waandishi wakubwa walikuwa Dee Dee, Joey na Tommy. Hata Dee Dee alipoiacha bendi mwaka 1989 aliendelea kuwapelekea nyimbo. Mchango wa Johnny ulikuwa sauti yenyewe, mpangilio wa jukwaa, na uamuzi wa kipi kifanyike na kipi kisifanyike.

"Usiku mmoja London, na panki ya Uingereza ikazaliwa"

Hadithi hii ni tamu mno, na ndiyo maana haifi. Tarehe 4 Julai 1976, siku Marekani ikitimiza miaka 200 ya uhuru, Ramones wanapiga ukumbi wa Roundhouse mjini London. Vijana wote wa mji wamejaa ndani, wanatoka macho yamewatoka, kesho yake kila mmoja ana bendi.

Tatizo ni kalenda. Sex Pistols walikuwa wameshapanda jukwaani tangu Novemba 1975. Na The Clash, ambao kila mara hutajwa kuwa waliamshwa na usiku ule, usiku huo huo walikuwa Sheffield wakifanya onyesho lao la kwanza kabisa, wakiwatangulia Sex Pistols. Hawakuwepo London. Waliokutana na Ramones walikutana nao kesho yake, kwenye klabu ya Dingwalls.

Hilo halipunguzi uzito wa safari ile. Albamu ya Ramones ilikuwa imetangulia kufika kwa miezi miwili na zaidi, na vijana wa Uingereza walikuwa wakijifunza kwayo vyumbani mwao. Baada ya Julai, bendi nyingi za huko ziliongeza kasi. Kuongeza kasi ya mtu aliyekwisha kuanza safari ni jambo kubwa, ila si kumzaa.

"Maisha yao yote yalikuwa ulevi na dawa"

Ya Dee Dee, kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Heroini ilimwandama na ndiyo iliyomuua, Juni 2002. Marky alifukuzwa mwaka 1983 kwa sababu ya pombe, akarudi 1987 akiwa ameiacha.

Johnny alikuwa upande wa pili wa mstari huo, tena yeye ndiye aliyeuchora. Onyesho likiisha, alichokitaka ni maziwa na biskuti, kisha kulala. Ndani ya gari la safari kila mtu alikuwa na kiti chake. Aliyechelewa alitozwa faini. Maonyesho aliyaandika kwenye daftari, tarehe na mahali. Bendi nyingine za kizazi chao zilikufa kwa fujo ndani ya miaka miwili au mitatu. Hii ilifanya maonyesho 2,263 kati ya 1974 na 1996, zaidi ya 100 kwa mwaka ukigawanya sawasawa. Huwezi kufikisha hesabu hiyo bila mtu mmoja ndani ya gari anayetazama saa.

Kisa kinachomweleza vizuri ni cha mwaka 1979, walipoingia studio na prodyuza Phil Spector kutengeneza End of the Century. Albamu ya kwanza walikuwa wameimaliza kwa siku chache na dola 6,400. Spector alimtaka Johnny apige kodi ya kwanza ya wimbo mmoja, kodi moja tu, tena na tena kwa saa nyingi. Kwa fundi aliyezoea kumaliza kazi na kwenda nyumbani, hayo yalikuwa matusi. Johnny alitaka kuondoka. Katika kipindi hicho hicho baba yake akafariki. Albamu ilipotoka mwaka 1980 ilifika nafasi ya 44 Marekani, ya juu kabisa katika maisha yao yote. Na wimbo wao uliopanda juu kuliko zote Uingereza, Baby, I Love You, ulifika nafasi ya 8 bila Johnny kuugusa: kati ya Ramones wote ni Joey pekee anayesikika humo, wengine ni wapigaji wa kukodiwa. Sijui kama aliwahi kulicheka jambo hilo. Mimi hucheka kila nikiukumbuka.

"Mpanki lazima awe mtu wa mrengo wa kushoto"

Johnny alikuwa mfuasi wa chama cha Republican bila kuficha, na Ronald Reagan alikuwa kipenzi chake. Machi 2002, Ramones walipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki, alisimama mbele ya ukumbi uliojaa wanamuziki akamwombea baraka Rais Bush na Marekani. Wapo waliodhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Joey alikuwa kinyume chake kabisa, tena Myahudi. Mwaka 1985 Reagan alitembelea makaburi ya Bitburg huko Ujerumani, walikozikwa pia wanajeshi wa Waffen-SS, jeshi la Wanazi, na Joey, Dee Dee na prodyuza Jean Beauvoir wakaandika wimbo wa kumlaani, Bonzo Goes to Bitburg (Bonzo ni sokwe wa filamu moja aliyoigiza Reagan). Johnny hakukubali jina la kumdhihaki rais wake. Wimbo ulipoingia kwenye albamu ya Animal Boy mwaka 1986 jina hilo lilisogezwa ndani ya mabano na mbele yake kukawekwa jingine: My Brain Is Hanging Upside Down. Maneno ya wimbo hayakuguswa. Ukitaka kujua bendi hii iliishije, iko ndani ya mabano yale. Kila mtu alipata nusu ya alichokitaka, kisha wote wakapanda garini kwenda onyesho lililofuata.

"Joey na Johnny walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana"

Hapa ndipo ninaposhindwa kumpenda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpenzi wa Joey alimwacha akaenda kwa Johnny. Haikuwa mapenzi ya kupita; walioana na wakawa pamoja mpaka kifo kilipowatenganisha. Lakini Joey hakusamehe. Tangu hapo hadi mwisho, wanaume wawili waliosimama hatua chache jukwaani hawakuzungumza isipokuwa panapolazimu, na mara nyingi kwa kupitia mtu wa tatu. Kwa zaidi ya miaka kumi. Katika gari moja.

Wapenzi wengi wa bendi hulisimulia hili kama ushahidi wa ugumu wa Johnny: kazi mbele, hisia baadaye. Linaweza kuwa hivyo. Linaweza pia kuwa woga wa mtu asiyejua kuomba radhi. Joey alipolala hospitalini akiugua saratani ya limfu, Johnny hakwenda. Alipofariki, tarehe 15 Aprili 2001, hakwenda mazishini. Baadaye alikiri kwamba kifo kile kilimwinamisha kwa siku kadhaa, na alionekana kama mtu anayeshangazwa na moyo wake mwenyewe. Nidhamu iliyoiweka bendi barabarani kwa miaka 22 ndiyo hiyo hiyo iliyomzuia kupanda ndege. Sioni namna ya kuikata nusu, nikaihifadhi moja na kuitupa nyingine.

"Fulana zile zimejaa dunia nzima, basi walikuwa matajiri"

Nembo ya Ramones, iliyochorwa na rafiki yao Arturo Vega kwa kuigiza muhuri wa rais wa Marekani, leo iko vifuani mwa watu ambao hawajawahi kusikia hata wimbo mmoja. Wakati wa uhai wa bendi hali ilikuwa tofauti. Albamu ya kwanza ilikomea nafasi ya 111 Marekani. Ilipata hadhi ya dhahabu kwa mauzo mwaka 2014, yaani miaka 38 baada ya kutoka, na wote wanne wa kwenye jalada lake walifariki bila kuufaidi umaarufu wake kamili. Tommy, wa mwisho, alifariki Julai mwaka huo huo.

Waliishi kwa maonyesho na fulana. Rekodi hazikuwalisha. Umati mkubwa waliupata mbali na kwao, hasa Amerika Kusini. Machi 1996 walijaza uwanja wa River Plate mjini Buenos Aires, ilhali Marekani walikuwa bado wakipiga kwenye klabu na kumbi za kawaida. Johnny hakutajirika kwa kishindo, ila alikuwa mchumaji na mweka akiba. Alistaafu akiwa na miaka 47, akahamia Los Angeles, akaendelea kukusanya vitu vya besiboli na mabango ya filamu za kutisha, na hakurudi jukwaani kutafuta nauli. Kwa mwanamuziki wa daraja lake hilo ni nadra kuliko wimbo wa dhahabu.

"Too Tough to Die ni jina linalohusu saratani yake"

Johnny alifariki kwa saratani ya tezi dume, na ukumbusho wake uliotengenezewa filamu ulilichukua jina hilo, kwa hiyo kosa hili linaeleweka. Albamu yenyewe ni ya mwaka 1984. Agosti 1983 Johnny alipigana mtaani New York na mtu wa bendi nyingine, akapigwa teke la kichwa, fuvu likapasuka, akafanyiwa upasuaji wa dharura wa ubongo. Baada ya miezi kadhaa akarudi kazini. Albamu iliyofuata ikapewa jina la mtu aliyegoma kufa.

"Gitaa la dola 50 liliuzwa karibu milioni"

Nimelisoma hili mara nyingi, na ni hadithi mbili zilizoshonwa kuwa moja. Lile Mosrite la buluu la Manny's liliibwa mwaka 1977 pamoja na vyombo vingine vya bendi. Johnny akatafuta jingine, Mosrite jeupe la mwaka 1965, na hilo ndilo lililokuwa gitaa lake kuu mpaka mwisho. Liliuzwa kwenye mnada Septemba 2021 kwa dola 937,500.

Alilipiga mara ya mwisho mbele ya watu na Ramones tarehe 6 Agosti 1996, kwenye ukumbi wa The Palace, Hollywood. Wageni maarufu walipanda jukwaani, akiwemo Eddie Vedder wa Pearl Jam. Tarehe 12 Septemba 2004 rafiki zake walikusanyika kumchangia na kusherehekea miaka 30 ya bendi, katika jengo lile lile, ambalo wakati huo lilikuwa limebadilishwa jina na kuitwa Avalon. Johnny alikuwa nyumbani, mgonjwa mno kufika. Alifariki siku tatu baadaye, akiwa na umri wa miaka 55. Kwenye makaburi ya Hollywood Forever kuna sanamu yake ya shaba: jaketi, nywele za bakuli, Mosrite, na mkono wa kulia juu ya nyuzi.